Betri ya Kabatini

Siku watu wa mtaa wetu watakapoulizwa waliishije bila akili, watajibu kwamba walikuwa na kamati.

Chama chetu cha kusaidiana kina gari moja. Linabeba wagonjwa kwenda hospitali na maiti kwenda makaburini, na mara nyingine mtu yule yule kwa safari zote mbili. Betri yake ilipokufa, mtu mwenye akili timamu angekwenda dukani akanunua nyingine. Sisi tuliunda kamati. Niliwekwa humo kwa sababu katiba yetu inataka mwanamke mmoja katika kila kamati, na mwanamke huyo ndiye anayetumwa chai.

Mimi ni fundi cherehani, sina muda wa vikao. Nilikubali kwa sababu mkaza mwanangu alikuwa ameanza kutapika asubuhi. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, mama yake akiwa amelazwa juu ya mkokoteni, kwa kuwa siku hiyo pia gari la chama lilikuwa limegoma. Mwanangu anafanya kazi mbali. Daktari alisema safari hii uchungu ukianza tu, moja kwa moja hospitali kubwa, hakuna cha kusubiri. Kwa hiyo sikwenda kwenye kamati kutafuta heshima. Nilitaka gari liwake.

Mwenyekiti wetu tunamwita Hoja, ingawa si mbele yake, maana hawezi hata kuomba chumvi bila kusema ana hoja. Mjumbe wa tatu alikuwa Bwana Amperi. Jina hilo alilipata kwa kupanga chumba jirani na fundi redio, na elimu yake yote ya umeme ilimfikia kupitia ukutani.

Dukani betri zilikuwa zimepangwa dirishani, jua la mchana likizipiga. Amperi alizinyanyua moja moja huku amekunja uso, kama anachagua tikiti maji.

"Hii," alisema, akaikumbatia kubwa kuliko zote. "Nzito ndiyo yenye moto."

"Mzee, ngoja nikuletee iliyoingia juzi, iko stoo," muuzaji alisema. "Hiyo ya dirishani imekaa sana. Ni ya kuvutia wateja tu."

Hoja alitabasamu kama mtu aliyemshika mwizi mkono ukiwa bado mfukoni.

"Nina hoja. Kama ya stoo ni nzuri, kwa nini mnaificha? Hapa hatubambikiwi kitu. Tunachukua hii tunayoiona kwa macho."

"Betri haitazamwi sura, mzee. Inatazamwa tarehe."

"Kijana, nimeanza kuongoza watu hujazaliwa."

Nilisema, "Mwenyekiti, si tumsikilize? Duka ni lake."

"Mama fundi, haya ni mambo ya ufundi."

Nikamkumbusha kwamba katika msafara ule fundi nilikuwa mimi peke yangu. Amperi alicheka, akaniomba nikawatafutie maji ya kunywa.

Betri ya zamani tuliiacha pale pale dukani ili tupunguziwe bei, na kilichopungua Hoja alikinunulia kufuli. Sikuelewa kufuli la nini. Nilielewa jioni, kwenye kikao.

"Ndugu wajumbe, tumenunua betri ya kudumu," alisema, amesimama, kitambi mbele. "Sasa nauliza. Kitu kitadumuje kikitumiwa? Tukiifunga kwenye gari, ama itaisha ama itaibwa. Nina hoja kwamba ihifadhiwe kwangu, itolewe siku ya dharura tu."

Ungefika nyumbani kwake usingeshangaa. Makochi yake hayajavuliwa nailoni tangu yanunuliwe, wageni wanakaa juu yake nailoni ikilia kwacha kwacha. Kabatini ana glasi ambazo hazijawahi kuguswa na mdomo wa binadamu. Lakini wajumbe walipiga makofi, mikono ikanyooka juu. Wangu ulibaki mapajani, na katibu akaandika kwamba nilikuwa na udhuru.

Basi gari likakaa bila betri, betri ikakaa bila gari, na chama kikawa na amani. Watu walikwenda kwa Hoja kuitazama kupitia kioo cha kabati, juu ya kitambaa cha kufuma, katikati ya birika na sahani za wageni. Jirani yetu mmoja aliposhikwa na homa ya kuweweseka, Hoja aliamua kwamba homa si dharura, bali ni ugonjwa wa kawaida. Mgonjwa akapakiwa kwenye pikipiki, amefungwa kwa khanga mgongoni mwa dereva kama mtoto mchanga.

Tumbo la mkwe wangu lilikua. Kila nilipopita kwa Hoja nilimwomba aifunge betri ile garini, na kila mara alinipa jibu lile lile.

"Mama fundi, wasiwasi wa nini? Siku ikifika nitaitoa kwa mikono yangu."

"Na isipowaka?"

"Haijatumika hata mara moja! Itakosaje kuwaka?"

Ubishi wa mtu aliyeshiba hauna dawa. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikashona nguo za mtoto, na kila mshono niliutia kwa hasira.

Siku ikafika, Jumamosi asubuhi, mkwe wangu akiwa anaosha vyombo. Chupa ya uzazi ikapasuka pale pale karoni. Nilikimbia kwa Hoja bila viatu. Alifungua mlango, akasikia, akarudi ndani kuvaa koti, kwa sababu betri ya umma haitolewi na mtu aliyevaa fulana. Kisha akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli, akaipangusa ile betri vumbi ambalo haikuwa nalo. Yeye na Amperi waliibeba mpaka garini, mwendo wa taratibu. Niliwahi kuona jeneza likibebwa kwa haraka kuliko vile.

Dereva wa chama aliifunga haraka haraka. Nikampandisha mkwe wangu, jasho likimtiririka, mkono wake umeniganda. Dereva akazungusha ufunguo.

Ta.

Akazungusha tena. Ta. Mara ya tatu hata hiyo ta haikusikika.

Amperi aliinamisha sikio kwenye boneti. "Ndiyo kwanza inapasha misuli," alisema.

Walisukuma, majirani wakaja wakasukuma nao. Gari lilifika kwenye kona, likakohoa mara moja, likatulia. Nilimtazama Hoja amesimama na koti lake, anatafuta hoja, na nasema wazi kwamba nilimchukia. Nilikuwa nauona ule mkokoteni. Nilikuwa nakiona kile kitambaa cheupe tulichomfunikia mjukuu wangu wa kwanza, nilichokikata kwa mkasi wangu mwenyewe.

Mkwe wangu akafungua mlango, akashuka.

"Mama, nishike mkono, twende," alisema. "Gari hili linajua kuzika tu."

Tulitembea kuelekea barabara ya lami. Uchungu ukimbana anasimama, anaegemea ukuta wa mtu, ukimwachia tunakwenda. Nyuma yetu nilisikia mtu akihema. Nilipogeuka, ni Hoja, ameikumbatia betri kifuani, amepinda mgongo. Alikuwa ameifungua kwa kuogopa isiibwe.

"Labda nati hazikukazwa vizuri," alisema huku anatweta.

Niliendelea kutembea. Kuna watu ukiwajibu unawapa chakula.

Barabarani gari la kabichi lilitusimamia. Mwenye gari hakuitisha kikao. Alisogeza magunia, akatupandisha, na Hoja alipotaka kupanda na betri yake akamwambia hana nafasi ya vyuma chakavu. Mjukuu wangu alizaliwa mlangoni mwa wodi, muuguzi akiwa amevaa glavu moja. Alilia kwa sauti ya ugomvi, nami nikakaa chini sakafuni, nikalia pamoja naye.

Waranti ya dukani haikutusaidia. Muuzaji alisema ni ya betri zinazofanya kazi, si za kupamba nyumba, kisha akacheka mpaka akajishika kaunta. Tukachanga upya. Safari hii nilikwenda mimi na Dereva, na tulichukua ya stoo, tukasoma tarehe kabla ya kuigusa.

Na unadhani walijifunza? Betri iliwekwa mezani, kikao kikaitwa, Hoja akasimama.

"Ndugu wajumbe, kosa letu lilikuwa kabati. Lile ni la mbao, linavuta unyevu. Nina hoja kwamba tununue la chuma, lenye kufuli mbili."

Katibu alikuwa ameshaanza kuandika mkwe wangu alipoingia, mtoto mikononi. Hakuwa mjumbe, wala hakuomba nafasi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Nishikie kidogo."

Nani anakataa mtoto anapopewa mbele za watu? Hoja akapokea, akakaa, mikono miwili imejaa.

"Hiyo ndiyo dharura yenyewe," mkwe wangu alimwambia. "Mshike vizuri. Mwenzake hakufika."

Akageuka kwa Dereva. "Kaka, beba betri ukaifunge."

"Nina ho..." Hoja alianza.

"Polepole, mzee, utamwamsha."

Hoja akafunga mdomo. Dereva aliibeba betri akatoka nayo, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tulisikiliza spana ikigonga huko nje, kisha gari likawaka papo hapo. Hoja alikuwa amemwinamia mtoto, anamtazama, na koti lake lilianza kulowa. Hakumsogeza. Alikaa hivyo hivyo mpaka gari lilipozunguka mtaa mzima na kurudi, na hakuna aliyekumbuka kufunga kikao.