Samaki wa Kwanza wa Fridolin

Fridolin alikuja bwawani kwetu Jumamosi ya kwanza ya Julai, na alikuja saa kumi na mbili asubuhi, kama wanavyofanya wote wasiojua. Mimi nilifika saa nne, jua limeshapanda, nikamkuta ameketi kwenye majani na koti lake zito, makamasi yanamtiririka, fimbo ya kuvulia ya dukani inang'aa mkononi, ndoo haina kitu.

"Shikamoo," nikamwambia. Umri ni umri, hata wa mtu unayemchukia.

"Marahaba, mama. Wameniambia wewe Odilia ndiye fundi hapa. Tangu alfajiri sijapata hata wa kumpa paka. Nifundishe, mama. Nimestaafu, huko nyumbani Viwanja Sitini nashinda nimekaa tu."

Mama. Neno hilo kinywani mwake lilinichoma. Miaka kumi na miwili iliyopita, Julai kama hii, nilikuwa kibarua kwenye shamba moja la miwa na yeye alikuwa msimamizi wetu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Homa ikanishika, nikamwendea kuomba ruhusa niende zahanati. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mimba si ugonjwa. Maliza mistari yako." Kabla ya saa sita mtoto alikuwa ameshatoka, pale pale katikati ya miwa, na tangu siku hiyo sikushika mimba tena. Leo yuko mbele yangu anatabasamu, anafuta pua, na usoni mwake sikuona dalili yoyote kwamba ananikumbuka.

Ningeweza kumfukuza. Bwawa si langu, lakini ulimi ninao. Ila nilikumbuka desturi yetu, roho yangu ikatulia ghafla.

Sisi tunaovua kwa ndoano kwenye bwawa hili, nyuma ya mtaa wa Katindiuka, tuna jambo moja hatulifanyii mzaha. Samaki wa kwanza wa mwanafunzi si wake. Anampelekea aliyemfundisha, mbele ya watu. Mwalimu akimpaka samaki huyo chumvi, akamchoma na kumla, basi wawili hao wamekuwa ndugu na ugomvi wao wote wa nyuma umekufa. Mzee Limbu, ambaye ndiye mkubwa wetu bwawani, alikuja huku na ng'ombe kutoka Usukumani, na mwaka wake wa kwanza ng'ombe hao walimaliza mpunga wetu wote. Baba alitaka kumkata panga. Baadaye akamfundisha kuvua, akala samaki wake, na Limbu ndiye aliyebeba jeneza la baba upande wa mbele. Lakini mwalimu akimkataa samaki, mwanafunzi hatupi tena ndoano hapa. Maishani mwangu sikuwahi kuona aliyekataliwa.

Nilitaka Fridolin awe wa kwanza. Sasa, ili nimkatae samaki wake, lazima kwanza ampate. Na ili ampate, lazima nimfundishe kwelikweli. Sijawahi kumfundisha mtu kwa moyo kama nilivyomfundisha yule.

"Kwanza, usije tena alfajiri," nikamwambia. "Wakati wa baridi, maji ya usiku yanamlegeza perege, analala chini kabisa, hana habari na wewe. Njoo saa nne. Saa saba ndiyo saa yake, jua likishapasha yale maji ya kina kifupi karibu na matete."

"Saa saba," akarudia, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikaitazama ndoano yake. Ilikuwa ya kuvulia mamba. Nikaikata, nikamfungia ndogo, na kiboya changu cha kipande cha kandambili. Alikuwa ametia nyungunyungu mzima, ananing'inia kama kamba ya kiatu. "Kata nusu," nikamwambia, "kisha ile nusu ikate tena. Huyu samaki ana baridi, hali kwa pupa. Anaonja."

Aliandika kwenye kidaftari. Nikakumbuka kidaftari kile kingine alichokuwa akiandikia majina yetu shambani, nikauma meno.

Jumamosi ya pili nilimfundisha kukaa jua likimpiga usoni, ili kivuli chake kisianguke kwenye maji. Nilimfundisha kutohamahama; asipopata, abadilishe kina, ashushe kiboya au akipandishe, lakini makalio yabaki pale pale. Alipotaka kutumbukiza miguu ili anawe tope nilimvuta kola kwa nguvu mpaka akaanguka chali.

"Humu mna mamba!" nikamkemea.

"Asante, mama. Umeniokoa."

Nilimwokoa, ndiyo. Sikutaka mamba anitangulie.

Siku hiyo kiboya chake kilicheza mara nne, na mara nne akakurupuka akavuta hewa. Nusura nilie kwa hasira. Dorotea, jirani yangu, aliyekuwa akivua kando, akacheka. "Odilia, mwanafunzi wako ni mzito, lakini jinsi unavyomhangaikia, mtu atadhani ni baba yako." Nilimshika Fridolin mkono, ule mkono wake wenye madoa ya uzee, nikaukandamiza juu ya goti lake. "Kikitetemeka, tulia. Kikilala ubavu, tulia. Kikizama, hapo inua, taratibu, kama unamtoa mtoto kwenye beseni." Kisha nikauachia, nikafuta kiganja changu kwenye kanga.

Jumamosi ya tatu, saa saba na dakika chache, kiboya kikatetemeka. Fridolin akatulia. Kikalala ubavu, akatulia, midomo inamcheza. Kikazama. Akainua kama nilivyomwelekeza, na perege wa ukubwa wa kiganja akatoka anametameta.

Watu wakapiga vigelegele. Dorotea akaleta chumvi kwenye kipande cha gazeti. Mzee Limbu akasogeza kuni, moto ukashika. Fridolin akavua kofia, akaja na samaki kwenye mikono miwili, akapiga goti moja mbele yangu.

"Pokea, mwalimu."

Nikaikunja mikono yangu kifuani. "Simpokei."

Vigelegele vikakatika. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mwulizeni huyu kama ananijua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno moja tu kutoka kwake, "La," ili nimwangushie yote. Fridolin aliinamisha kichwa. "Nakujua," akasema. "Nilikujua kabla sijaja. Niliulizia unakaa wapi, wakaniambia unavua hapa, wakaniambia na desturi yenu. Nikafikiri ukishamla samaki wangu, basi, yatakuwa yamekwisha."

Jumamosi tatu nilidhani namtega, kumbe na yeye ananitega. Alitaka nimeze yaliyopita pamoja na miiba, bila yeye kutamka neno.

"Kimyakimya?" nikamwuliza. "Nile, nifute mdomo, uende zako? Sema ulichonifanyia. Wasikie."

Akawatazama watu mmoja mmoja. Nilidhani ataondoka. Kumbe akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini alisema yote: homa, ruhusa, mimba, mistari ya miwa. Alisema aliiona damu kwenye kanga yangu nilipotoka shambani, na kwamba kwenye kidaftari chake aliandika nimetoroka kazi. Hilo la kidaftari sikuwa nalijua. Alipomaliza alikuwa analia, na Dorotea pia.

"Nisamehe, Odilia," akasema, akanisogezea samaki. Dorotea akanyoosha chumvi. Sikuipokea.

Mzee Limbu akanigusa bega. "Odilia, mwanangu. Mtu amekiri mbele ya watu. Mle samaki wake."

"Nimesikia alivyokiri, mzee," nikasema. "Mtoto wangu hajasikia. Siku akisikia yeye, nitamla samaki huyu."

Fridolin akamlaza samaki kwenye majani, akakunja mshipi wake na kushika njia ya mjini. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya mabua ya mpunga. Nilifurahi, na sioni haya kusema.