Pikapu Iliyoingia Gia Peke Yake

Pikapu ya Simai ilikuwa inaingia gia peke yake.

Haikuwa kila siku, na hilo ndilo lililokuwa baya. Angeiweka kwenye gia huru, injini inanguruma, mguu wake uko mbali na mafuta, nayo ingetulia hata nusu saa nzima. Kisha siku nyingine ingeruka tu. Mara ya kwanza iliruka mnadani Chwaka, ikaangusha ndoo tatu za samaki.

"Simai, gari yako ina njaa!" mtu mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka. Simai naye alicheka.

Mara ya pili hakucheka. Ilikuwa asubuhi, uani kwake, anashusha viroba vya mwani vya mkewe. Mwanawe Salhiya, wa miaka minne, alikuwa amechutama mbele ya gari akichora mchangani kwa kijiti. Pikapu iliruka, ikazimika. Bampa lilisimama shibiri moja na kichwa cha mtoto.

Salhiya aliinua uso. "Baba, imenipulizia," alisema, akaendelea kuchora.

Tangu siku hiyo Simai aliiogopa pikapu yake kama mtu anavyomuogopa mbwa aliyemfuga mwenyewe na sasa kamuonesha meno. Kila aliposimama aliizima, akatoa ufunguo, akatia jiwe mbele ya tairi, kisha akarudi kulitazama jiwe kama lipo. Akipita penye skuli, watoto wamesimama ukingoni wanangojea kuvuka, alisimama mbali nao, akaizima kabisa mpaka wavuke wote. Lakini samaki wa Chwaka lazima wafike sokoni Darajani kabla barafu haijayeyuka, na nyumba yake ilikula kwa pikapu hiyo. Basi aliendesha, na huku anaogopa.

Mama yake, Bi Mwamvua, alikwishaamua ugonjwa ni nini.

"Husda," alisema. "Toka uinunue hiyo gari, watu hawalali."

Kila Ijumaa asubuhi alikwenda pwani, akateka maji ya bahari kwenye chupa, akayasomea anayoyasoma yeye, kisha akarudi kuyanyunyiza ndani ya gari: kwenye viti, kwenye zulia, chini ya viti, kila pembe. Gari ilipoendelea kuruka, aliongeza maji.

Mwisho Simai aliipeleka gereji mjini, na Fundi Usi wa Saateni akakifungua kiti cha abiria, akakiweka pembeni. Chini yake palikuwa na kisanduku cha bati, ukubwa wa sahani ya chai. Alikichomoa, akakifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na ukoko wa kijani na mweupe.

"Hii ndiyo kompyuta inayoiamrisha giaboksi," alisema. "Imelika chumvi. Inaamrisha mambo haijui yenyewe inasema nini. Yakhe, unavua humu ndani?"

"Nnabeba samaki."

"Samaki unabeba nyuma. Huku mbele ni maji ya nani?"

Simai akamwambia habari ya mama yake na chupa yake, na ya Salhiya mbele ya bampa. Usi hakucheka, ingawa alikuwa mtu wa kucheka.

"Basi kazungumze na Bi mkubwa. Nikikutilia nyengine na yeye akaimwagia, mwezi haufiki. Na safari hiyo sijui kama itasimama shibiri."

"Ntamwambia."

Hakumwambia. Kompyuta iliyotumika, yenye namba zilezile, ilichukua siku nne kuja kwa boti kutoka Dar es Salaam, na siku zote nne Simai alikaa na mama yake, akala naye, akafungua mdomo na kuufunga. Angemwambiaje mama aliyemzaa kwamba dua yake ndiyo nusura imuue mjukuu wake? Aliogopa kuuona uso wake akishajua. Alisema tu kwamba fundi kaona kifaa kibovu, kitabadilishwa.

"Kifaa kigeni, kimetoka gari ya mtu hatumjui, ukitie hivihivi?" Bi Mwamvua alisema. "Nnakwenda na wewe."

Simai aliiona chupa ndani ya mkoba wake. Alijiambia atamwambia njiani. Njiani alijiambia atamwambia wakifika.

"Shikamoo, Bi," Usi alisema walipoingia gereji.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa huyu mnyama?"

"Ndiye mimi. Na hasemi panapomuuma, ananipiga mateke tu."

Bi Mwamvua alicheka, akapewa kiti kivulini. Simai alitazama pengine.

Kuibadilisha kompyuta hakukuchukua hata robo saa. Skrubu nne, soketi moja, waya ukabana. Simai alidhani wamemaliza.

"Bado," Usi alisema. "Hii imezowea gari nyengine, giaboksi yako haiijui. Lazima tuifundishe. Utakaa kwenye usukani, injini inawaka, mguu juu ya breki. Nikisema D, gia ya kwenda mbele, tia D. Nikisema huru, weka huru. Mimi nnasoma kwenye mashine hii ya kupimia. Breki usiiachie, hata mtu akikwambia nyumba yako inaungua."

"Kaa wewe, Usi. Miye nnaiogopa."

"Na mashine asome nani, mamako?"

Usi aliweka tofali mbele ya kila tairi la mbele. Pua ya gari ilielekea meza nzito ya chuma anayofanyia kazi, na katikati palibaki upenyo wa mtu mmoja kupita. "Mbele ya gari hapapiti mtu," alisema kwa nguvu ili gereji nzima isikie. Kisha akasimama mlangoni pa dereva, mashine mkononi.

"D."

Pikapu ilijikaza, ikatulia. Simai alihisi mtetemo wake ukipanda kwenye unyayo hadi kwenye goti. 

"Huru. Rivasi. Huru. Vizuri, inasikia. Unaona? Inasikia! Pumua basi, umekuwa kama maiti. D tena."

Alitia D. Mlango wa abiria ukafunguka.

Bi Mwamvua alikuwa ameinama ndani, midomo inakwenda, chupa imeshafunguliwa. Kiti kilikuwa bado kimetolewa. Kompyuta ilikuwa pale chini ya mkono wake, safi, imelala wazi.

"Mama, hapana!"

Injini ilikuwa na kelele, hakusikia. Chupa ikainama. Usi naye alikuwa ameona. Aliitupa mashine juu ya boneti, na kwa kuwa njia fupi ilikuwa mbele, alipita mbele.

"Bi, usimwage!"

Simai alijinyoosha mpaka upande wa pili, akaudaka mkono wa mama yake. Aliuhisi mguu ukitoka juu ya breki. Aliurudisha upesi, kwa nguvu zake zote, ukaangukia kwenye mafuta.

Pikapu ilipanda tofali.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya chuma na chuma. Ya pili ilikuwa ya Usi.

Simai alitia rivasi. Gia iliingia laini, bila kukawia, kama gari iliyotoka dukani. Alirudi nyuma hatua moja, akaweka P, gia ya kuegeshea, ikakubali.  Gari ilikuwa imepona.

Hospitali mjini walimpokea Usi na mguu umefungwa kwa kanga ya Bi Mwamvua. Bibi mwenyewe alikaa kwenye benchi la nje. Mkewe Usi, Khairat, alifika mbio, buibui limekaa upande.

"Imeruka tena?" alimuuliza Simai. "Iliruka, sio? Hata baada ya yeye kuitengeneza?"

Hapo Simai aliogopa kuliko siku zote. Neno moja tu, ndiyo, na kila mtu angeamini. Nusu ya Chwaka ilikwishaiona inaruka. Lakini lawama ingekuwa ya kompyuta aliyoitia Usi, kwa mikono ya Usi, na nani tena angempelekea fundi yule gari?

"Haikuruka," alisema. "Gari nzima. Nlikanyaga mafuta mimi."

Khairat alimtazama, akaingia ndani.

Kisha Simai akageuka kwenye benchi, akakaa, akamwambia mama yake habari ya chumvi. Yote, tangu Ijumaa ya kwanza. Bi Mwamvua alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ngapi umelijua hili?" aliuliza.

"Siku nne."

Kompyuta ilikuwa laki nne na nusu. Hospitali, pamoja na chuma kilichotiwa ndani ya mguu, milioni moja na laki mbili. Gereji ilifungwa siku themanini na tatu, na kwa siku hizo Simai alipeleka elfu kumi na tano kila jioni kwa Khairat. Fedha zote hizo alizipata kwa kuiuza pikapu kwa mtu wa Kendwa, milioni tisa, kwani hakuweza tena kuweka mguu juu ya breki bila kutapika. Mguu wa kulia wa Usi uliunga ukiwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili.