Mara ya Pili Watu Hukaza Tumbo

Mimi ndiye niliyepata namba nzuri kuliko wenzangu wote, na kila nikiikumbuka natamani ingefutwa. Sifuri nukta tisa moja. Bosi aliiandika ubaoni akaizungushia duara, wenzangu wakapiga makofi, mmoja akaniambia, "Dada, wewe una nyota." Nyota sikuwa nayo. Nilikuwa na mdomo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulipewa dodoso la maswali sitini na mawili, yote ya afya: unavuta sigara, unakula mboga mara ngapi kwa wiki, unanawa mikono lini, una presha, unameza dawa zako. Unakwenda kwa mtu, anajibu, unaandika. Baada ya siku kumi na nne unarudi kwa mtu yuleyule na maswali yaleyale, kana kwamba hamjawahi kuonana. Majibu ya kwanza huna, yamefungiwa kabatini. Kisha ofisini wanalinganisha na kukupa namba: ikikaribia moja, majibu yamefanana. Yakifanana, dodoso linaaminika na litatumika nchi nzima. Yakipishana, maswali yana kasoro na yanaandikwa upya.

Ndani yake kulikuwa na maswali ya mtego. Huku unaulizwa, "Unameza dawa kila siku?" Kurasa mbili mbele unaulizwa, "Kuna siku hupita bila wewe kumeza dawa?" Anayejibu ndiyo kwa yote mawili hasikilizi, anakukubalia tu ili uondoke. Jibu lake halihesabiwi.

Bosi tulimwita Nukta, kwa jinsi alivyopenda kutaja namba zake. Siku ya semina alisimama mbele yetu akasema, "Tunapima kuaminika kwa dodoso. Hatupimi uaminifu wa mtu. Mkichanganya hayo maneno mawili huko mitaani, mmeniua." Tukacheka. Akaongeza kwamba ambaye namba yake itashuka chini ya sifuri nukta saba asitegemee mkataba mwingine. Hapo hatukucheka.

Mwishoni kabisa, watu wakiwa wameshaanza kufunga mikoba, akatugawia vitabu vya karatasi za njano. Mtu akikwambia ameacha dawa ya presha, unachana karatasi moja, unaandika jina lake, na kesho yake muuguzi wa zahanati anamfuata nyumbani. Nilikitia kitabu changu mkobani nikakisahau.

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na minane, anayeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya mwanawe. Jina alilipata kwa sababu ya kopo la maziwa ya unga alilolijaza vifungo. Lilikaa kando ya cherehani kutwa nzima, na mtoto yeyote mtaani aliyepoteza kifungo alijua pa kwenda. Nilipofika mara ya kwanza mwanawe alikuwepo, fundi wa kuchomelea, jitu zima lenye makovu ya cheche mikononi, amekalia kiti cha wateja. Nilipaswa kumwomba atupishe, maana sheria inasema mtu ahojiwe peke yake. Lakini jua lilikuwa kali na nilikuwa na nyumba nne zaidi. Nikamwacha akae.

"Unameza dawa ya presha kila siku?"

"Kila siku," akajibu mwanawe.

"Kaka, namuuliza mama."

"Kila siku," akasema mama, akakata uzi kwa meno. "Huyu ndiye daktari wangu. Asubuhi ananiletea kidonge na glasi ya maji, anasimama hapo mlangoni mpaka aone nimeweka mdomoni."

Mwanawe akacheka, nami nikacheka, nikaandika.

Awamu ya pili ilianza Jumatatu. Nyumba ya kwanza, mzee mmoja aliniuliza kwa ukali kwa nini nimerudi, kwani karatasi nimezipoteza? Nilikuwa nimechoka na viatu vinanibana. Nikataka kumweleza mambo ya kuaminika kwa dodoso, ulimi ukateleza: "Tunapima uaminifu, mzee." Akakaa wima kama shahidi mahakamani. "Mimi si kigeugeu," akasema, na akayarudia majibu yake yote bila kusita, hata idadi ya sigara. Nilimaliza kwa dakika kumi na mbili. Pale neno liliniponyoka, sikatai. Lakini nyumba ya pili nililisema kwa makusudi, na ya tatu, na zote zilizofuata. Nilijiona mjanja kweli.

Kwa Mama Vifungo nilifika Alhamisi. Mwanawe alikuwa kazini. Nilipomwambia maswali ni yaleyale, alinitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, nikupe siri ya ufundi. Mteja usimpime mara mbili. Mara ya pili hukaza tumbo."

"Basi wewe usikaze, mama."

Tukaenda vizuri, tukitaniana, yeye akiendelea kushona, mpaka tukafika swali la dawa. Hapo mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Hilo la dawa," alisema. Akanyoosha mkono, akaushika mfuniko wa kopo la vifungo. "Kusema kweli, mwanangu, vile vidonge..."

Niliuona ule mkono. Nilijua kabisa kwamba maneno yanayokuja si yale ya wiki mbili zilizopita. Na nilichowaza, Mungu anisamehe, si afya yake. Niliwaza namba yangu.

"Mama, usinigeuzie maneno sasa," nikasema kwa sauti ya utani. "Leo tunapima uaminifu."

"Uaminifu wangu?"

"Ndiyo. Kama utajibu vilevile."

Akauondoa mkono kwenye kopo. Alikuwa mtu ambaye mtaa mzima ulimwachia vitambaa bila kuandikiana, na jambo hilo lilikuwa heshima yake.

"Basi andika kila siku," akasema. "Nisije nikaitwa mwongo uzeeni."

Lile la mtego alijibu hapana, haipiti hata siku moja. Akaanza tena kukanyaga pedali, ila safari hii hakunitania. Kitabu cha karatasi za njano kilikuwa mkobani, bado kimefungwa kwa mpira kama nilivyopewa.

Namba ilitangazwa wiki iliyofuata, na mkataba nikapata. Siku tatu baadaye Mama Vifungo alianguka juu ya cherehani asubuhi, kola ya shati ikiwa bado chini ya sindano. Kiharusi. Hospitali walikaa naye siku kumi, kisha wakawaambia wamrudishe nyumbani.

Nilikwenda kumjulia hali. Ningeweza kutokwenda, hakuna aliyeniita, lakini usingizi ulikuwa umenikataa. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa chumba kilekile cha mbele, cherehani imesukumwa ukutani. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umeenda kando. Mwanawe alikuwa mezani, amelimwaga kopo lote la vifungo.

"Njoo uone, dada," akasema.

Vilikuwa vifungo vyeupe vya mashati ya shule, na katikati yake vidonge vyeupe, ukubwa uleule.

"Nimevitenganisha mara tatu na bado naona vingine," alisema. "Alikuwa anaviweka chini ya ulimi mpaka nigeuke. Jana ndiyo jirani ananiambia vilikuwa vinampa kizunguzungu, uzi anauona nyuzi mbili. Angesema tu. Daktari angembadilishia dawa, ni jambo la siku moja." Akakishika kidonge kimoja kwa vidole vyake vikubwa. "Mama aliniambia ulirudi, ukamuuliza mara mbili. Alikujibu nini?"

"Alisema kila siku," nikajibu. "Mara zote mbili."

Neno la uongo halikuwamo hata moja. Namba yangu ilikuwa hivyohivyo.

Akamgeukia mama yake, na sauti ikamkauka. "Unasikia, mama? Hata mtu wa utafiti umemficha. Mficha maradhi..." Methali hakuimaliza.

"Ndiyo," akasema mama.

"Ndilo neno pekee lililobaki," mwanawe akaniambia. "Ukimuuliza ana njaa, ndiyo. Ameshiba, ndiyo. Wakati mwingine namuuliza tu nisikie sauti yake." Akachukua beseni akatoka uani kuteka maji ya kumwosha.

Nilisogeza kile kiti cha wateja karibu na kitanda. Jicho lake la kushoto lilinifuata mpaka nikakaa.

"Mama," nikasema, "siku ile ulitaka kuniambia, nami nikakunyamazisha. Unanisamehe?"

"Ndiyo."

Moyo ukatua. Kama ningefunga mdomo hapo, ningekwenda nyumbani na kitu. Lakini ulimi hauna mfupa, na miaka ya kuuliza watu maswali imenifundisha vibaya.

"Au hutanisamehe kamwe?"

"Ndiyo."

Sauti ileile, jicho lilelile. Ndiyo kwa yote mawili. Fomu za namna hiyo nimeziweka kando nyingi sana, bila hata kuuliza ni za nani. Kisha nikaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiye na pa kujificha, nikaushika mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa juu ya kopo, nikasema nisamehe, nisamehe, naye akawa anajibu ndiyo kila mara.

Sikusikia mlango. Nilipogeuka, mwanawe alikuwa amesimama na beseni, maji yakimdondokea miguuni.

"Akusamehe nini, dada?"

"Hakuna kitu, kaka," nikasema. "Ni uchungu tu."

Akaliweka beseni chini taratibu. Akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha akaniuliza tena, maneno yaleyale, wala hakupandisha sauti.

"Akusamehe nini, dada?"

Safari hii nilibadilisha jibu. Nilianzia kwenye ule mkono juu ya kopo.