Tonge la Pili la Bezawit

Binti yangu Bezawit ana miaka minne, na haya huipati kwake hata kwa dawa. Kanisani kwetu hapa Debre Birhan anajulikana kuliko shemasi. Jumapili moja alimchomolea mzee Welde fimbo ya ibada, hizi wanazoegemea wazee kwa saa tatu za kusimama, akakimbia nayo upande wetu wanawake. Mzee akayumba, akaangukia kifua cha jirani yake ambaye hawakuwa wamesalimiana naye miaka kumi kwa sababu ya mpaka wa shamba. Ikabidi wasalimiane. Jumapili iliyofuata shemasi aliponadi, "Simameni kwa sala," Bezawit alimwendea bibi mmoja aliyekaa chini na magoti yake mabovu, akamfokea, "Bibi, umeambiwa simama! Huna masikio?"

Nilikuwa nazama ndani ya mtandio wangu mweupe kwa aibu. Lakini kumpeleka sikuacha, kwa sababu yeye anakula pale ambapo mimi siwezi kula.

Kwetu Meza ya Bwana ni ya watoto na vikongwe. Sisi wa katikati, ambao damu bado ina moto, tunasimama tukitazama, mpaka mtu na mkewe wakubali kufunga ndoa ya Kurban. Hapo mnaungama, mnalishwa pamoja, na baada ya hapo hakuna kuachana. Mimi na mume wangu Demisew tulioana mbele ya wazee na karani wa manispaa, basi. Mara ya mwisho kuonja mkate ule nilikuwa na miaka kumi, na sasa nina thelathini na miwili. Naitamani Meza ile, sifichi. Kila nikimgusia Demisew ananijibu, "Bado tu vijana, Yeshi. Mwaka kesho." Hiyo miaka kesho imefika saba. Mwishowe nikajipa jibu mwenyewe: huyu anataka mlango wa kutokea ubaki wazi. Ni dereva wa malori ya Djibouti, na habari za madereva nani asiyezijua?

Jumapili ninayoisimulia, Demisew alibaki uani kama kawaida yake, kwenye ukuta, pamoja na wanaume wanaojiona hawafai kuingia. Mimi nikampeleka Bezawit mbele. Alikuwa hajala tangu jana yake, kama inavyotakiwa, na alikuwa amenuna. Abba Tekle, ambaye ndiye baba yetu wa roho, akamtia mkate kinywani. Nikawahi kumfunika mdomo kwa mtandio, maana baada ya hapo mtu hasemi neno. Mtoto akauvuta mtandio chini.

"Abba, bado moja!"

"Nyamaza," nikamnong'oneza.

"Tonge moja linaleta ugomvi! Si ndiyo, Mama? Tonge moja ugomvi, mawili mnapatana. Aniongeze!"

Ndivyo tunavyosema mezani tunapolishana injera, chapati yetu laini, kwa mkono, na ni mimi niliyemfundisha. Nyuma yangu wanawake walianza kutikisika ndani ya mitandio yao. Shemasi aliyeshika kijiko cha divai akakiingiza upesi kwenye mdomo ule uliokuwa wazi, midomo yake mwenyewe ikicheza kwa kicheko. "Haya, la pili hilo. Mmepatana."

Bezawit akameza, akaridhika, akageuka kunitazama.

"Na Mama? Mama naye hajala tangu jana. Mpeni."

Hapo hakuna aliyecheka. Mkono wa Abba ulibaki hewani na ile sahani, na mimi nilikuwa karibu nayo kiasi cha kuunusa mkate. Nikambeba mtoto nikatoka. Uani Demisew aliniona ninalia, akadhani Bezawit amevunja kitu.

Abba Tekle alikuja nyumbani mchana huohuo. Tukaubusu msalaba wake, nikakaanga kahawa, Bezawit akajaza mdomo bisi. Abba alingoja hadi kikombe cha pili.

"Demisew, leo mwanao kaniuliza swali mbele ya kanisa zima, nikakosa jibu. Jibu unalo wewe. Kwa nini mkeo hali?"

"Abba, mimi mtu wa barabarani..."

"Barabara naijua. Nakuuliza habari ya mkeo."

Demisew alizungusha kikombe mkononi muda mrefu.

"Mama yangu alifiwa na baba akiwa na miaka ishirini na minne," akasema. "Walikuwa wa Kurban. Walikuja wanaume wema kumposa, wakarudishwa mlangoni: huyu ana kiapo. Akavaa kofia ya utawa, akabaki anapangusa kiti cha baba kila asubuhi, miaka arobaini. Nimekulia hapo, Abba. Na mimi kila wiki nateremka mlima wa Tarmaber na tani thelathini nyuma yangu. Mwezi uliopita tumemtoa dereva mwenzetu Habte chini kule bondeni kwa kamba. Nikianguka mimi, Yeshi awe huru apate mtu. Sitaki apanguse kiti."

Miaka saba nilikuwa nimemwekea mtu huyu kinyongo. Ungedhani nilimkumbatia. Wapi! Nilipandwa na hasira hadi nikaiweka jebena, birika letu la kahawa, chini kwa kishindo.

"Kwa hiyo miaka yote hii umenilaza njaa kwa ajili ya mwanamume mwingine?"

"Mwanamume gani tena?"

"Huyo utakayeniachia ukifa! Anaitwa nani? Anakaa wapi? Nioneshe nyumba yake nikamsalimie!"

"Yeshi, nilikuwa nakuwazia mema..."

"Hayupo, Demisew! Kiti chako nitakipangusa tu, kwa kiapo au bila kiapo. Sasa kwa nini nikipanguse na njaa?"

Abba alikuwa anakitazama kikombe chake kama anayetafuta nzi. Alfajiri ya Jumatatu Demisew alipakia nguo zake, akaniaga kwa kunigusa bega, akaondoka. Jumanne simu haikulia, wala Jumatano. Nilifua hata nguo safi. Nilijilaumu kwa mdomo wangu, kisha nikamlaumu yeye kwa ukimya wake, na katikati ya lawama zote nilikuwa naiona ile sahani, ilivyokuwa karibu.

Alhamisi akapiga kutoka mpakani. Nilisikia injini na kelele za watu.

"Wenzangu hapa wananicheka," akasema.

"Umefanya nini?"

"Nimekataa nyama. Leo si siku ya mfungo, na mimi nimeagiza shiro, mchuzi wa unga wa dengu. Wananiuliza kama nimeugua." Kelele zikapungua, amesogea kando. "Yeshi, Abba Tekle Jumamosi yupo? Nina ya kuungama mengi, tuanze mapema."

"Yupo," nikasema.

Simu ikakatika. Nikakaa sakafuni palepale jikoni, machozi yakinitoka hata siwezi kuyafuta. Bezawit akaja mbio, akanikamata mashavu kwa mikono miwili.

"Mama, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," nikamwambia. "Baba yako ananioa."