Mguu wa Fundi Rangi

Shangazi alipoacha kazi kwa sababu ya maumivu ya mgongo, alimkabidhi binti wa kaka yake funguo za karakana ya miguu ya bandia mbele ya mafundi wote, akaenda zake nyumbani bila hotuba.

Binti hakungoja kuzoewa. Mwaka haujaisha, akanunua mashine inayosoma umbo la mguu kwa mwanga, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa plasta na mikono, nusu siku nzima. Watu waliokuwa wakipigwa kalenda sasa walipata miguu upesi, naye akatembea kifua mbele.

Aliyenuna ni mmoja tu, fundi mkongwe waliyemwita Msasa, kwa viganja vyake na kwa ulimi wake.

"Usitupe mbachao kwa msala upitao, bosi."

"Nani ameutupa, baba? Si huo hapo, unanuna?"

Mafundi wakacheka. Msasa hakucheka.

Asubuhi moja akaingia fundi rangi, mwanamke wa miraba minne, akitembea kwa magongo, mguu wake mpya umo ndani ya mkoba mgongoni. Akautoa, akauweka juu ya meza ya bosi.

"Mzuri, sikatai. Haubani, hauchubui. Lakini ngazini haukunjiki, mwanangu. Jana nimeshuka na ndoo ya rangi kichwani, na si kwa kupenda."

"Hukutuambia unapanda ngazi?"

"Nani aliniuliza?"

Bosi akaigeukia mashine. Zamani, plasta ikingoja kukauka, fundi na mteja walipiga soga: unakaa ghorofa ya ngapi, unabeba nini, unapiga magoti? Hakuna aliyeiita kazi. Mashine ilipoondoa kungoja, soga nayo ikaondoka, na hakuna aliyeshtuka, hata bosi mwenyewe.

"Nilisema mimi!" Msasa akadakia. "Turudi kwenye plasta."

Safari hii wenzake wakamuunga mkono. Wakamwita Shangazi. Alikuja polepole, akasikiliza pande zote.

"Plasta niliitumia kwa kuwa sikuwa na kingine," akasema. "Msiifanye dini. Mengine mwulizeni mwenye funguo."

Binti akasimama.

"Mashine inabaki. Ila hakuna atakayeiwasha kabla hajakaa na mteja akajua siku yake inavyokwenda, kuanzia kitandani mpaka kazini. Hilo nililiacha likapotea, kosa langu. Sasa ni kazi, si soga, na msimamizi wake ni Msasa. Mashine nayo atajifunza."

"Mimi? Kwa macho haya?"

"Miwani utapata."

Msasa akatoka amevimba. Kesho yake hakuonekana. Kesho kutwa alifika kabla ya wote, akavuta kiti mbele ya fundi rangi, akamuuliza habari za ngazi, mapaa na viatu mpaka mama wa watu akaomba maji.

Baadaye wateja walilalamika kwamba mzee anauliza hata yale ambayo wake zao hawayajui. Bosi akawasikiliza, akaongeza kiti cha pili cha maswali, wala hakupunguza swali hata moja.

Mguu ulipokuwa tayari, ukiwa na kifundo kinachokunjika, fundi rangi aliegemeza ngazi ukutani, akapanda, akashuka, akapanda tena mpaka juu kabisa. Wote chini wameinua macho.

Akapapasa dari.

"Hili nalo," akauliza, "nani aliwapakia rangi vibaya hivi?"