Mgeni wa Miaka Arobaini

Mwaka wa 1932, mwaka mmoja baada ya nzige, serikali ilitaka kujua ni watu wa makabila gani wanaokaa katika milima yetu ya chai, na ni wangapi wa kila kabila. Kazi hiyo alipewa Kepher Otiende, karani wa ofisi ndogo iliyokuwa juu ya njia ya kwenda Sigowet. Mimi nilikuwa askari wa ofisi hiyo. Naitwa Nyakundi, mtu wa Kisii. Niliambiwa nimfuate karani, nimbebee meza yake ya kukunja, na nisimame nyuma yake ili watu waone kwamba serikali imefika.

Kepher alikuwa Mjaluo, lakini alikulia steshenini Lumbwa, baba yake alikokuwa kibarua wa reli, kwa hiyo Kikipsigis alikisema kama aliyezaliwa nacho. Alikuwa mtu nadhifu, wa kupiga pasi kaptula yake hata siku ya kupanda milima, na ile kazi aliipenda. Wazungu na Wahindi wa maduka walikuwa na karatasi zao, hao hatukuwagusa. Sisi tuliobaki tulichorewa safu: Walumbwa, ndivyo serikali ilivyowaita Wakipsigis siku hizo, kisha Wajaluo, Wakisii, Wakikuyu, na safu nyembamba ya mwisho ya wengineo, walimotiwa Wanubi na yeyote ambaye karani hakujua amtie wapi.

Kwenye mashamba ya chai kazi ilikuwa nyepesi. Kila mwanamume alikuwa amevaa kipande chake cha utambulisho shingoni, na kabila lilikuwa limeandikwa humo. Kambi zote tulizimaliza kwa siku nne. Taabu ilianza tulipoingia rizavu, ardhi waliyotengewa wenyeji, ambako nyumba zimetawanyika na watu wameoana tangu zamani. Maagizo yalisema mtu aandikwe kwa kabila alilozaliwa nalo, si kwa watu anaoishi nao.

Siku ya tatu huko tulifika kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Tapsabei. Alikaa na mwanawe Kimalel, mke wa Kimalel, na wajukuu watatu. Kimalel alijibu kwa niaba ya wote: sisi ni Wakipsigis, watu sita. Kepher alikuwa ameshaanza kuandika. Lakini yule mama alikuwa akinitazama mimi, na alimwuliza karani huyu askari ni wa wapi. Kepher akamwambia. Basi uso wake ukafunguka kabisa. Akanijia, akanishika mkono, akasema kwa lugha yangu neno moja, *amache*, maana yake maji. Halafu akasema *tata*, yaani baba. Akacheka kwa sababu maneno yalikuwa yamemwishia hapo.

Akatueleza bila kuulizwa. Alizaliwa Kisii, akaitwa Bitutu. Njaa kubwa ilipoingia kwao, baba yake alimleta huku akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akampa watu wa mlima huu, akarudi na vikapu vya wimbi vya kuwaokoa wadogo zake. Watu hao walimpa jina jipya na ukoo, wakampitisha sherehe zote za wasichana wao, wakamwoza kwa mtoto wa jirani. Miaka arobaini ilikuwa imepita. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeulizwa habari zake baada ya muda mrefu.

 Mama yake alipomaliza, Kimalel akamwambia Kepher, "Usiandike hiyo."

"Ni hesabu tu," Kepher akamjibu. "Serikali ikijua watu wako wangapi, italeta zahanati."

Alikuwa ameisikia habari hiyo ofisini na aliiamini. Mimi pia niliiamini. Akaandika Walumbwa watano, Mkisii mmoja, na kando yake jina: Bitutu, aitwaye pia Tapsabei. Tulipewa maziwa, tukanywa, tukaondoka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, zahanati haikuja. Ilikuja amri kwamba rizavu ni ya kabila moja. Wageni wote wanaokaa humo bila barua ya ruhusa warudi rizavu zao kabla ya mvua za Machi. Bwana Shauri, yule mzungu kijana aliyesimamia ofisi yetu, alizitoa karatasi za Kepher kabatini na kumwagiza apige chapa orodha ya wageni. Yalikuwa majina arobaini na matatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikisikia mashine ikigonga. Kisha ikanyamaza. Nilipochungulia nilimwona Kepher ameweka mikono magotini.

Aliinuka akaenda mbele ya meza ya Bwana Shauri, akamweleza kuhusu yule mama: kwamba aliletwa mtoto, kwamba hajui kwingine, kwamba mwanawe na wajukuu wake wako pale na wao si wageni.

Bwana Shauri alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza kama mumewe yu hai, akaambiwa amekufa. Akauliza, "Hapa umeandika Kisii. Ulikosea?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kulisikia. Neno moja lingetosha. Lakini Kepher alijua kwamba akikiri kosa moja, karatasi zote zitatiliwa shaka, na karani mwenye karatasi za shaka hana kazi. Nadhani pia aliona aibu. Zilikuwa zimeandikwa vizuri sana zile karatasi.

"Sikukosea, bwana," akasema.

"Basi endelea."

Na mimi nilikuwepo. Ningeweza kusema kwamba mama yule hajui Kikisii, kwamba anajua maneno mawili tu. Sikuulizwa, nikanyamaza.

Februari nilitumwa kumtoa. Kepher aliomba ruhusa afuatane nami, akapewa. Kimalel hakupigana nasi. Alimfungia mama yake ngozi ya kulalia na kibuyu cha maziwa, akatusindikiza mpaka mpakani mwa rizavu, akasimama hapo kwa sababu na yeye hakuwa na barua ya kupita. Tapsabei alimwambia atarudi kabla ya kuvuna wimbi. Alidhani tunampeleka kujieleza mbele ya wakubwa.

Tulitembea siku mbili mpaka kwa chifu wa Kisii aliyetajwa katika barua yetu. Wazee wakaitwa. Wakamwuliza kwa Kikisii yeye ni wa nyumba gani. Hakuelewa. Nikawa mkalimani, lakini mimi Kikipsigis changu kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo maneno yake yalipita kwanza kwa Kepher kwa Kiswahili, kisha kwangu, ndipo yawafikie wazee. Alikumbuka kwamba baba yake aliitwa Bosire, na kwamba nyuma ya nyumba palikuwa na chemchemi. Wazee wakatazamana. Akina Bosire walikuwa wengi na chemchemi ziko kila bonde. Mmoja wao, mzee mpole kabisa, aliyatazama masikio ya Tapsabei yaliyotobolewa na kuvutwa kwa mtindo wa Kikipsigis, akaniambia, "Huyu walishamfanya mtu wao. Tukimpokea, tutamweka kwa nani?"

Chifu akakataa kutia mhuri. Aliandika nyuma ya barua yetu kwamba mwanamke huyu ni Mlumbwa na hana jamaa hapa.

Tukarudi naye. Bwana Shauri alisoma pande zote mbili za barua, akasema rizavu ya Walumbwa haiwezi kumpokea mtu aliyekwisha kuondolewa kwa amri. Akamwambia Kepher alitafutie shauri hilo mahali pake. Mahali pekee pasipokuwa rizavu ya mtu yeyote palikuwa kwenye mashamba ya chai. Nilikwenda kwa nyapara mmoja niliyemjua, mtu wa kwetu, akamkubali Tapsabei kama mchumaji, mzee hivyo hivyo. Akapewa nafasi katika safu ya nyumba za Wakisii, chumba kimoja na Bilhah, mama Mkristo aliyekuwa amemfuata mumewe kazini na kubaki peke yake mume alipokufa.

Bilhah alimtendea wema. Alimfundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi, akampikia uji alipougua. Lakini hawakuwa na lugha. Bilhah aliniambia kwamba yule mama alikuwa akiongea peke yake akichuma, maneno mengi, na kwamba wachumaji wengine walimcheka mwanzoni, halafu wakaacha. Kutoka safu za juu za chai mlima wake ulionekana vizuri, pamoja na moshi wa nyumba za watu wake.

Kimalel alikuwa akija Jumapili mpaka kwenye ua wa miti, wakaongea wakiwa pande mbili. Kepher alimwandikia Kimalel barua tatu kwa wakubwa wa serikali, za kuomba mama arudishwe. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi na swali, imeandikwa na nani. Ya tatu ilijibiwa kwamba shauri limefungwa, na karani aangalie kazi yake. Tangu hapo Kepher hakuandika tena.

Tapsabei alikufa Julai, kifua kilipombana katika baridi na mvua ya mawe. Kimalel aliomba mwili. Meneja wa shamba alitaka karatasi kutoka ofisini, na ofisini Bwana Shauri alikuwa safarini. Siku ya tatu ilibidi azikwe. Walimzika nyuma ya kiwanda, upande wa Wakisii, na Bilhah aliomba kwa Kikisii, maombi mazuri ambayo marehemu hangeyaelewa. Kimalel alisimama nje ya ua. Mimi na Kepher tulikuwa ndani, tumevua kofia.

Mwezi mmoja baadaye Kimalel alikuja ofisini. Kepher aliinuka. Alidhani amekuja kumlaani. Kimalel alitaka kujua jambo moja tu: watoto wake, ambao bibi yao ameandikwa Mkisii, siku moja wataandikwa nini?

Kepher aliketi tena. Kisha akasema, "Sijui."

"Wewe ndiye unayeandika."

"Sijui, Kimalel."

Kimalel akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitarajia. Akasema anahamia upande wa Mulot, kwenye nchi ya ng'ombe, ambako hakuna anayemjua. "Huko sitawatajia watoto jina la bibi yao," akasema. "Mkubwa nimeshamkanya. Mdogo atasahau."

Walipita barabarani wiki hiyo na ng'ombe wao wanne, mke wake amebeba mtoto mgongoni. Nilikuwa nikifagia mbele ya ofisi. Niliwasalimu kwa Kikipsigis. Hakuna aliyeitikia, hata yule mdogo.