Moyo Uliotazama Ndani

Jumanne asubuhi, akikata mkate jikoni kwa bibi yake, Eithne aliona pete yake imegeuka tena.

Aliweka kisu chini. Pete ilikuwa ya dhahabu iliyolika kwa kuvaliwa sana: mikono miwili imeshika moyo, na juu ya moyo taji. Hapo Claddagh, kijiji cha wavuvi huko Ireland, kila binti anajua namna ya kuivaa. Mchumba huivaa mkono wa kushoto, ncha ya moyo ikitazama kucha. Siku ya harusi bwana arusi huigeuza, ncha itazame mwilini, na mke hukaa nayo hivyo. Harusi ya Eithne na Fiachra ilikuwa Jumamosi. Moyo ulikuwa tayari unatazama ndani.

"Bibi, umeishika pete yangu?"

"Niishike ya nini, na vidole vyangu vimevimba kama soseji?" Bibi Sibéal hakuacha kukoroga uji. "Umeigeuza mwenyewe. Haraka ya kuolewa na fundi bomba."

"Ina maji."

"Si umetoka kunawa?"

"Maji ya chumvi, bibi."

Mwiko ulisimama sufuriani.

Eithne akamwambia yote. Juzi Fiachra alijaribu kuirudisha moyo nje kwa mkono wake, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kuna mtu ananivuta upande wa pili," alisema. Jana usiku Eithne aliizika ndani ya bakuli la sukari. Asubuhi aliamka nayo kidoleni.

"Fiachra akifika altareni akute imeshageuzwa, nitakuwa mke wa nani?"

Bibi Sibéal aliketi. Alikuwa na miaka themanini na minne, na Eithne hakuwahi kumwona ameketi uji ukiwa motoni.

"Pete hii ilikuwa ya mama yangu aliyeitwa Baibín," alisema. "Mume akifa, mjane huigeuza moyo nje. Mashua ya baba yangu Macdara ilirudi, yeye hakurudi. Mama akakataa kuigeuza miaka arobaini. Alipokufa, mimi ndiye niliyeivua. Ilinipasa nimgeuzie kwanza. Niliivua vilevile, mwanangu. Nilidhani ndiyo heshima."

"Kwa hiyo baba yako..."

"Anajua bado ana mke. Amekuja kumchukua."

Walitoka uji ukiungua. Mahali ambapo mto unaingia baharini, batamaji walikuwa wametulia majini, shingo zote zimeelekea upande mmoja, kwao. Hakukuwa na upepo. Bibi Sibéal alishuka ngazi za mawe mpaka maji yakafika kwenye viatu vyake, akaushika mkono wa Eithne.

"Baba. Ni Sibéal. Uliniacha na miezi mitano, hutanijua."

Akaanza kuigeuza pete. Haikusogea. Eithne alihisi baridi ikikibana kidole chake, baridi ya maji ambayo hayajawahi kuona jua, na katika baridi hiyo mshiko, kama wa mtu anayeogopa kuachwa. Akashangaa kuona anamhurumia.

"Mwambie mkewe aliko," alinong'ona.

"Baibín hayuko huku, baba. Tulimzika kilimani, nyuma ya kanisa. Alikungoja, hakuwahi kukusaliti hata siku moja. Huyu ni kitukuu wako. Mwachie. Nenda kwa mkeo."

Maji yalishuka ngazi moja, yakanyamaza. Kisha pete ikageuka, laini, moyo ukatazama nje. Batamaji wakatawanyika.

Bibi Sibéal akalia kama mtoto. "Kosa langu lote hilo," alisema. "Nuna ukitaka." Eithne hakununa. Alimvua viatu vilivyolowa, akambeba mgongoni hadi nyumbani.

Jumamosi jua liliwaka, jambo lisilotegemewa hapo. Altareni Fiachra alikishika kidole cha Eithne.

"Ikinivuta tena nakimbia," alimnong'oneza.

"Geuza, wewe."

Akaigeuza. Iliteleza, kavu na yenye joto la mkono wake. Eithne akaachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumanne.

Walipokuwa wakitoka, bibi Sibéal alimshika kiwiko, akamwonyesha sakafu. Kwenye benchi la mwisho hapakuwa na mtu, ila mbao zilikuwa zimelowa. Nyayo za miguu mitupu, zenye maji, zilitoka hapo hadi mlangoni. Nje, juu ya mawe makavu, hazikuelekea baharini. Zilizunguka kanisa, zikapanda kilimani.